Deni la Mkunazini

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh wetu, walimu wangu, mama zangu na ndugu zangu mliokuja baada ya Isha na mvua hii, nakushukuruni.

Nimeombwa nizungumzie Uislamu na unafiki wa Magharibi. Nitauzungumzia, lakini nitaanzia hapahapa Mjini Unguja, Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, kwa sababu mabishano haya nimeyasikia barazani tangu utotoni na kila siku yanakwenda vilevile. Mmoja anasema: Waislamu waliuza watu pale. Mwenzake anajibu: na Wazungu je, waliovusha mamilioni Atlantiki? Kahawa inamiminwa, yamekwisha. Aliyeuzwa hajatajwa.

Tuanze na Waingereza. Juni 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia watu kusafirishwa baharini. Hakutia saini kwa ridhaa. John Kirk, balozi wa Uingereza, alimwambia wazi kwamba manowari zitakizingira kisiwa, na mwaka mmoja kabla ya hapo kimbunga kilikuwa kimeshaing'oa mikarafuu ya Unguja. Soko likafungwa, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa mnaloliona leo. Kufungwa kwa soko lile ni jema, na nasema ni jema bila ya kung'ata maneno. Aliyekuwa apakiwe jahazini Kilwa akanusurika hakuwa na haja ya kuuliza dini ya aliyemnusuru.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwaka 1890 Unguja na Pemba zikaingia chini ya himaya ya Uingereza. Manowari zao, amri yao, na utumwa ukaendelea kuwa halali kwa miaka 7 mingine, kwa kuwa mashamba ya karafuu yalitaka watu na hazina ilitaka ushuru wa karafuu. Arthur Hardinge, mwakilishi wao mkuu hapa, alipinga kuukomesha kwa haraka. Amri ikatoka Aprili 1897 kwa jina la Seyyid Hamoud, Sultani wa wakati huo, na amri hiyo inafaa isomwe skuli zetu zote, kifungu kwa kifungu. Haikumwacha mtu huru. Ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani akaombe. Bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Yeye aliyechuma karafuu maisha yake yote hakupewa hata pesa moja, na akishatambuliwa kuwa huru alipaswa kuonyesha kwamba ana makazi na njia ya kuishi, ama sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri ile. Mambo yao yalingoja mpaka 1909.

Na wala mtindo huu haukuanzia hapa. Mwaka 1833 bunge la London lilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wenye watumwa wa makoloni yake, si kwa ajili ya watumwa, na deni la mkopo ule walipakodi wa Uingereza walilimaliza 2015. Mfalme Leopold wa Ubelgiji naye alijinadi duniani kwamba anapiga vita biashara ya watumwa. Mwaka 1887 akampa Tippu Tip, huyu wetu Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa ambaye nyumba yake ipo Shangani, uliwali wa Stanley Falls huko Kongo na mshahara juu. Yaliyowapata watu wa Kongo baadaye kwa ajili ya utomvu wa mpira mnayajua.

Kwa hiyo unafiki upo, na ushahidi wake umeandikwa kwa wino wao wenyewe. Ninachokataa ni kuutumia kama sabuni yetu.

Amepokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra, katika hadithi qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume, kwamba wako watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akafanya khiyana. Aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Na aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yote, naye asimpe ujira wake.

Tusimame kwa huyu wa pili. Watu waliokamatwa kandokando ya Ziwa Nyasa, na huko Manyema, mashariki ya Kongo, walikuwa mateka wa vita gani vya kisharia? Walikuwa watu huru: wakulima, wanawake waliokwenda kuteka maji, watoto. Walinunuliwa na watu wanaosali, wakapimwa meno na watu wanaosali. Sheria ya kwamba mtu huru hauzwi haikutoka London. Tulikuwa nayo vitabuni, tukiisoma msikitini, mita chache kutoka sokoni.

Wala tusiseme zama zile haikuwezekana. Januari 1846 Ahmad Bey, mtawala wa Tunis, alipiga marufuku utumwa katika nchi yake, na miongoni mwa hoja alizowapa wanachuoni ni shaka hiyohiyo: nani ana hakika kwamba watu hawa waliingia utumwani kwa njia ya halali? Ufaransa ilikomesha katika makoloni yake 1848, miaka 2 baadaye. Nimeona watu wakiitumia tarehe hii ya Tunis kuwafunga Wakristo mdomo. Mimi inanifunga mimi. Kama Tunis iliwezekana bila ya manowari, Unguja tulikuwa tunangoja nini? Saudia ilingoja mpaka 1962, na Oman mpaka 1970.

Huyu wa tatu katika hadithi, aliyemnyima mtu ujira wake, ni wa leo. Binti zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda wanakwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Wengine wanapata riziki njema, wanajenga. Wengine wanapokonywa pasipoti siku ya kwanza, na mshahara hawauoni. Novemba 2022, wakati wa Kombe la Dunia, Ulaya nzima ilizungumzia haki za wafanyakazi wa Qatar. Kabla mashindano hayajamalizika ukatangazwa mkataba wa gesi ya Qatar kwenda Ujerumani, mpaka tani milioni 2 kwa mwaka, kwa miaka isiyopungua 15 kuanzia 2026. Nalitaja, nalipita, kwa sababu yule binti aliyefungiwa ndani hana faida nalo. Wakala aliyempeleka ni jirani yetu, tunasimama naye safu moja.

Na nisimalizie kwa mawakala. Nyumbani kwetu, nikiwa mdogo, alikuwepo msichana aliyeletwa kutoka shamba. Alilala jikoni. Aliamka kabla ya adhana ya Alfajiri na kulala baada yetu sote. Malipo yake yalikuwa chakula na doti ya kanga kila Idi, na sisi tulisema ni kama ndugu yetu. Wazazi wangu, Mungu awarehemu, walikuwa watu wa ibada, na hakuna aliyeona kasoro. Alikaa miaka 6. Nilipoanza kuusomesha ukurasa wa hadithi hii ndipo nilipochukua kalamu nikapiga hesabu ya miezi yake. Fedha nimeshaziweka kando. Kijijini kwao wanasema aliolewa Pemba, na wiki ijayo, inshaallah, navuka kwenda kumtafuta.