Dopamini na Ubongo Unavyojifunza Kutaka

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, ndugu wanafunzi, na ninyi wazazi na wageni mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza habari za ubongo: wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu.

Mada niliyopewa ni dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana ishara. Miaka ya karibuni neno hili limetoka maabara na kuingia redioni, kwenye mahubiri na kwenye simu zetu, na kila linakopita hutambulishwa kwa sifa moja, kwamba ni kemikali ya raha: ukila kitamu inamwagika, ukisifiwa mtandaoni inamwagika, na mtu akinaswa na kamari au dawa za kulevya basi ameipenda raha kupita kiasi. Nimekuja kuipinga sifa hiyo kwa ushahidi. Nitaeleza kwamba kazi kubwa ya dopamini ni kuufundisha ubongo kitu gani cha kukitarajia, na kuusukuma mwili ukifuate. Kufurahia kitu kikishapatikana ni kazi inayotegemea zaidi kemikali nyingine. Kosa hili si dogo, kwa sababu anayeamini kwamba mraibu anafukuza starehe humhukumu kama mtu anayejistarehesha, na akishamhukumu hivyo ni vigumu tena kumsaidia.

Hadi katikati ya miaka ya 1950 wataalamu waliihesabu dopamini kuwa hatua ya njiani tu, kitu ambacho mwili hukipitia unapotengeneza noradrenalini, kemikali nyingine ya kupeleka ishara. Mwaka 1957 Kathleen Montagu, aliyefanya kazi karibu na London, alionyesha kwamba imo ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka huo huo, huko Lund nchini Sweden, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura dawa ya reserpini, ambayo wakati huo ilitumika kushusha shinikizo la damu na kuwatuliza wagonjwa wa akili, na ambayo humaliza akiba ya kemikali hizi katika ubongo. Sungura walilala tuli, masikio yameanguka, macho yamelegea, hawashtuki hata wakiguswa. Kisha wakadungwa levodopa, malighafi ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Masikio yakasimama, wakainuka, wakaanza kutembea. Kwa kazi iliyoanzia hapo, Carlsson alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2000 pamoja na Paul Greengard na Eric Kandel.

Kutoka kwa sungura hadi kwa binadamu hatua haikuwa ndefu. Mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz alipima ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha viungo na kuufanya mwendo kuwa mgumu, na mwaka 1960 akatangaza kwamba katika striatamu, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo inayosaidia kuanzisha mwendo, dopamini ilikuwa imepungua mno. Mwaka uliofuata yeye na daktari Walther Birkmayer waliwadunga wagonjwa levodopa, na watu ambao hawakuweza kuinuka kitandani waliinuka na kutembea, ingawa nafuu hiyo ilidumu kwa saa chache tu. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, alionyesha kwamba dawa ikimezwa, na dozi ikiongezwa kidogo kidogo hadi kuwa kubwa, nafuu inaweza kudumu.

Hapa niongeze jambo linalotugusa karibu. Levodopa hiyo hiyo imo kwa wingi katika mbegu za upupu, mmea ule ule unaotambaa vichakani ambao kila mtoto wa kijijini anaujua kwa mwasho wake. Mtu asitoke hapa akaenda kumtafunisha babu yake mbegu za upupu, kwa kuwa kipimo chake hakitabiriki na kikizidi huleta madhara. Hata hivyo nasikitika kusema kwamba dawa iliyogunduliwa zaidi ya miaka 60 iliyopita bado haiwafikii wazee wetu wengi. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008, waligundua kwamba wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wanaumwa. Mzee anatetemeka mkono na kukokota mguu, na sisi tunasema ni uzee.

Sasa nirudi kwenye raha, maana dhana yake ina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, James Olds na Peter Milner waliweka waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya, na panya huyo akawa kila akibonyeza kitufe anapata mshtuko mdogo wa umeme sehemu fulani. Panya walibonyeza mamia ya mara kwa saa. Baadaye ilipofahamika kwamba msisimko huo huamsha njia za dopamini, ikaonekana jibu limepatikana: hapa ndipo penye raha, na dopamini ndiyo raha yenyewe.

Lakini panya hasemi. Tunachokiona ni kwamba anabonyeza. Kwamba anafurahi tumemsemea sisi. Aliyelitilia jambo hili mashaka kwa uzito ni Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan. Panya, kama mtoto mchanga, akionja kitu kitamu hulamba midomo kwa namna yake, na akionja kichungu hufungua kinywa na kutikisa kichwa. Berridge na wenzake waliwaharibia panya karibu dopamini yote katika njia zile. Panya hao waliacha kutafuta chakula. Wangekufa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa kama wasingelishwa kwa mrija. Walipodondoshewa maji ya sukari mdomoni, hata hivyo, walilamba midomo sawasawa na panya wazima. Utamu ulikuwa pale pale. Kilichoondoka ni msukumo wa kuufuata. Kinyume chake, panya waliochochewa dopamini walikula zaidi bila kuonyesha dalili yoyote ya kuona chakula kitamu zaidi. Kulamba kwenyewe kuliongezeka pale zilipochochewa afyuni za asili za ubongo, yaani kemikali zinazofanana na afyuni ambazo ubongo hujitengenezea, ndugu wa zile ambazo John Hughes na Hans Kosterlitz walizitambua Aberdeen mwaka 1975.

Kutaka na kupenda, basi, ni mifumo miwili. Mara nyingi hutembea pamoja, na ndiyo sababu hatukuwahi kuitenganisha.

Inabaki kueleza namna dopamini inavyofundisha, na hapa naomba tutulie kidogo. Katika miaka ya 1980 na 1990, mjini Fribourg nchini Uswisi, Wolfram Schultz alisikiliza seli moja moja za dopamini katika ubongo wa kati wa kima waliokuwa macho. Kima alidondoshewa juisi bila kutarajia, na seli zikalipuka kwa ishara. Kisha taa ikawa inawaka muda mfupi kabla ya juisi. Baada ya kima kuzoea mpangilio huo, seli ziliacha kuijibu juisi, zikawa zinalipuka taa inapowaka. Juisi ilikuwa ile ile na kima aliinywa kwa hamu ile ile, ila seli hazikuwa na jambo jipya la kusema. Na siku taa ilipowaka na juisi isije, katika nukta ile ile ambayo juisi ingedondoka, seli zilinyamaza hata chini ya kiwango chao cha kawaida.

Kwa hiyo ishara hupanda mambo yakizidi matarajio, hubaki palepale yakiwa kama yalivyotarajiwa, na hushuka yakipungua. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walionyesha kwamba hesabu hii inafanana na ile ambayo wataalamu wa kompyuta walikuwa wameitunga ili kuifundisha mashine kutokana na matokeo ya maamuzi yake. Mimi huona huu ni miongoni mwa ugunduzi mzuri kuliko yote katika sayansi ya ubongo: watu wa fani mbili, kila mmoja kwa njia yake, wakafika kwenye mlinganyo mmoja.

Tumchukue sasa kijana aliye kijiweni na bodaboda yake, anayebeti kila wikiendi. Ameweka mkeka wa mechi 10. Jumapili usiku mechi 9 zimetiki, na ya 10 inachana mkeka kwa goli la dakika za nyongeza. Asubuhi haongei kama mtu aliyepoteza pesa. Anaongea kama mtu aliyekaribia kupata. Jirani anashangaa kwa nini hasomi funzo lililo wazi.

Majaribio yanajibu kwa sehemu. Mwaka 2003 Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Schultz waliripoti kwamba kati ya ishara na zawadi, seli za dopamini huongeza kasi polepole, na ongezeko hilo ni kubwa kuliko yote pale uwezekano wa kupata ni nusu kwa nusu, yaani pale ambapo hakuna anayejua. Mchezo wa kubahatisha umejengwa juu ya hali hiyo hasa. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge waliwachunguza watu wakicheza mashine ya kamari iliyopangwa wakati mwingine kukosa kwa nafasi moja tu. Washiriki walisema kukosa kwa karibu kunaudhi kuliko kukosa kwa mbali, na papo hapo, iwapo walikuwa wamejichagulia wenyewe picha ya kuchezea, walisema kunawaongezea hamu ya kucheza tena. Na sehemu za ubongo zinazoitikia ushindi ziliitikia. Kuudhika kumeongezeka na hamu imeongezeka kwa tukio moja. Nani ataeleza jambo hilo kwa nadharia ya raha?

Dawa za kulevya huuvunja mfumo huu kwa sababu haziusubiri uamue. Katinoni iliyo katika miraa, au mirungi kama tunavyoiita Tanzania, huisukuma dopamini itoke ndani ya seli bila kujali kama lililotokea limezidi matarajio au halikuzidi. Kemikali hiyo hufifia majani yanapokauka, ndiyo maana wafanyabiashara wa Meru huyafunga katika majani ya mgomba na kuyakimbiza sokoni siku ile ile. Kokeini huzuia dopamini isirudishwe ndani ya seli. Heroini hupita mlango wa nyuma, kwa kuzinyamazisha seli ambazo kazi yake ni kuzizuia zile za dopamini. Njia ni tofauti, lakini katika zote ubongo hupokea habari kwamba kumetokea jambo bora kuliko lilivyotarajiwa, na hupokea habari hiyo kila mara, hata pale mtumiaji hapati tena stimu ya maana.

Vijana walioacha heroini hukueleza jambo moja ambalo vitabu vililichelewa. Arosto huisha. Maumivu ya mifupa, kuhara, kutokwa na kamasi, yote hupita baada ya siku kadhaa. Kisha kijana mzima wa afya anapita maskani ya zamani, anamwona mwenzake aliyekuwa akishirikiana naye, na mwili unawaka kwa hamu ya kitu ambacho yeye mwenyewe anakichukia. Terry Robinson na Berridge waliyapendekeza maelezo yake mwaka 1993: mfumo wa kutaka umekuwa mwepesi mno kuamshwa na alama za zamani, na wepesi huo hudumu muda mrefu baada ya mwili kusafika. Kwa sababu hiyo naunga mkono kwa moyo wote tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, iliyoanza kutolewa katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Wapo wanaodai ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Methadoni hukalia vipokezi vile vile ambavyo heroini huvikalia, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara, lakini taratibu na kwa muda mrefu, bila ule mlipuko wa ghafla, na humpa mtu siku za kawaida za kujifunza upya.

Kuhusu kufikiri nitasema kwa ufupi. Mwaka 1979 Thomas Brozoski, Patricia Goldman-Rakic na wenzao waliwaondolea kima dopamini katika gamba la mbele la ubongo, na kima wakashindwa kukumbuka kwa sekunde chache chakula kimefichwa wapi, karibu sawa na wale waliokatwa sehemu hiyo yote. Kupungua hudhuru, na kuzidi hudhuru vilevile. Mwanafunzi anayemeza vidonge vya kuamsha akili usiku wa kuamkia mtihani anaweza kujivusha ng'ambo ya kiwango kinachofaa. Dopamini pia haifanyi kazi peke yake: noradrenalini hurekebisha umakini, na serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, inaonekana kuhusika na subira.

Namalizia na jambo ambalo naomba madaktari na wauguzi mlichukue kwa uzito. Wapo wagonjwa wa Parkinson wanaopewa dawa kama pramipeksoli, ambazo huamsha vipokezi vya dopamini moja kwa moja. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic walieleza habari za wagonjwa 11 walionaswa na kamari wakiwa katika dawa za kundi hili. Mwaka 2010 uchunguzi wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada uliwakuta wenye tabia zisizozuilika, za kamari, kununua, kula au ngono, kuwa asilimia 17.1 ya waliotumia dawa hizo, dhidi ya asilimia 6.9 ya wasiozitumia. Mara nyingi dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, hamu hiyo huondoka. Mgonjwa haji kliniki kusema, kwa aibu, na pengine haoni uhusiano wowote kati ya kidonge na kibanda cha kubeti. Mwulizeni waziwazi kabla ya kumwandikia dawa, mwulizeni tena katika kila ziara, na kwa ridhaa yake mwulizeni pia mkewe au mwanawe aliyemsindikiza.