Msianzie Mlangoni kwa Bwana

Nimelisema hili mara nyingi, na leo nalirudia: mkifika shamba la Kingsley, kisiwa cha Fort George huko Jacksonville, Florida, msianzie nyumba ya bwana. Anzieni kwenye vibanda vya watumwa wake.

Nyumba kubwa inavutia, najua. Ilijengwa mnamo 1798: ukumbi katikati, chumba kila pembe, baraza, uso umeelekea mtoni. Hayo mtayasoma kibaoni.

Sasa vibanda. Vilikuwa 32, vimepangwa nusu duara, na mabaki ya 25 yapo hadi leo. Sogeeni, mguse ukuta. Mnayaona maganda ya chaza? Wenyeji wa kale walikuwa wameyaacha malundo kwa malundo. Watumwa wakayachoma mpaka yakawa chokaa, wakaichanganya na mchanga, maji na maganda mazima, wakamimina katikati ya mbao. Tabaka likishika, mbao zinapandishwa, linamiminwa jingine. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa: tunalijua tanuri la chokaa, moshi wake machoni, na chokaa inavyobabua mikono. Kwetu ni matumbawe, kule ni chaza. Nani alichoma, nani alibeba? Wale wale waliolima pamba, kisha wakalala humo.

Wala msiniambie Florida ni mbali. Zephaniah Kingsley, aliyehamia hapo 1814, alifanya biashara ya watumwa, na kumbukumbu za shamba lake la awali, Laurel Grove, zinataja watu wa "Zinguibara". Hiyo ni Zanzibar, pwani yetu hii, imeandikwa kwa sikio la mgeni! Sisemi ujenzi ule wa chaza na chokaa ulitoka Unguja. Wahispania walikuwa nao Florida zamani. Nasema watu wetu walikuwamo.

Atasimama mtu aulize: mbona Anna, mke wa Kingsley, alikuwa Mwafrika na akamiliki watumwa? Kweli kabisa. Alitekwa Senegali, akanunuliwa Havana 1806 akiwa binti wa miaka 13, akaachwa huru 1811, naye akawa na watumwa wake. Linauma. Lakini je, linamrudishia nani jasho lake lililomo katika kuta zile?

Nilitaka kufika kwenye nyumba ya jiko, alikokaa Anna na wanawe, na kwenye makaburi yaliyogunduliwa 2010. Naona naonyeshwa saa. Basi mkienda, ingieni kibanda kimoja mkipime kwa hatua zenu: vyumba viwili, meko moja, familia nzima.