Kona ya Meza na Paji la Uso la Mtoto

Ndugu wazazi, nawashukuru kwa kubaki baada ya watoto kupimwa uzito. Mimi ni seremala wa Keko, na jambo hili nimelisema mara nyingi kiasi kwamba wateja wangu hulimalizia: mtoto anayesimama dede akijikwaa mbele ya meza ya sebuleni yenye kimo cha sentimita 40 au 45, kinachotangulia kwenye kona ni paji la uso au jicho.

Atatokea wa kusema kwamba sisi tulikua bila kufunikiwa kona yoyote ya meza. Ni kweli, lakini tulitambaa juu ya mkeka, na kilichokuwa karibu nasi ni kigoda cha mviringo. Meza ya mninga yenye kona nne kali haikuwamo.

Wengi hukimbilia sponji ya godoro chakavu, na hapo ndipo subira huniisha. Ibandike kwenye kona, kisha ibonyeze kwa kidole gumba. Ukiigusa mbao, basi na fuvu la mwanao litaigusa. Chukueni kandambili iliyokatika ukanda, kwa sababu soli yake imeshiba. Ioshe kwa sabuni, kiache kisigino kilicholika, ukate kipande cha urefu wa kiganja, na katikati, kwa upande wa ndani, uchonge mfereji usiozidi nusu ya unene, ili kipande kikunjike na kuikumbatia kona bila kukatika. Msitegemee gundi wala solotepu, kwani joto huzilegeza na mtoto huzibandua. Pasueni tyubu ya baiskeli, muivute izunguke ukingo wote wa meza ikivibana vipande vyote vinne, na fundo lake lifichwe uvunguni.

Mtoto atavitafuna, hilo halina ubishi. Kwa hiyo vikagueni kila asubuhi, na kilichomeguka kitupwe siku hiyohiyo, maana kipande kidogo cha mpira humkaba mtoto.

Kwa kingo ndefu, mpira wa kumwagilia maji uliopasuliwa kwa urefu unatosha. Meza ya kioo iondoeni sebuleni kabisa. Anayeagiza meza mpya amwambie fundi aiviringe kona kwa randa na msasa kabla ya kupaka vanishi. Ni kazi ya dakika chache, nami sijawahi kuitoza.

Kisu ninacho na tyubu ninazo. Aliyekuja na kandambili kuukuu asogee hapa mezani tuanze kukata.