Kuusoma Ulimwengu kwa Galaksi Zilizovutwa kwa Asilimia Moja

Ndugu zangu, jioni hii shikeni namba mbili. Ya kwanza ni asilimia 1. Mwanga wa galaksi ya mbali, ukisafiri hadi kwetu, hupindishwapindishwa na mvutano wa maada yote iliyo njiani, pamoja na maada ya giza isiyoonekana. Matokeo yake umbo la galaksi hurefushwa kidogo upande mmoja na kubanwa upande mwingine. Badiliko hilo, nitakaloliita mnyumbuko, ni kama asilimia 1 tu. Namba ya pili ni 0.3 hivi, nacho ni kiasi cha uduaradufu (kutokuwa duara kamili) ambao galaksi inao kwa kuzaliwa. Tunachokitafuta, basi, kimefunikwa na kitu kikubwa kukizidi mara thelathini.

Galaksi moja haikwambii lolote, maana huenda ni bapa kwa asili yake. Lakini galaksi zinazoonekana jirani angani zimepitisha mwanga karibu njia moja, kwa hiyo zote zimevutwa kuelekea upande uleule, ilhali maumbo ya asili yameelekea huku na huku. Ukipiga wastani, ya asili yanafutana. Kelele, yaani yale maumbo ya asili yasiyofutana kabisa, hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: galaksi 900 zinaishusha kutoka 0.3 hadi 0.01, yaani hapo ndipo inapolingana tu na ishara, ule mnyumbuko tunaoutafuta. Ukitaka ishara iishinde kelele mara kumi, tafuta galaksi 90,000.

Ila wastani wa anga zima ni sifuri, kwani kila sehemu imevutwa upande wake. Ndiyo maana tunazichukua galaksi mbilimbili na kuuliza: zikiachana kwa dakika 10 za pembe (mwezi mpevu una dakika 30 hivi), maumbo yake yanakubaliana kiasi gani? Na zikiachana kwa dakika 100 je? Jinsi ukubaliano huo unavyofifia kadiri pembe inavyopanuka ndiyo inayotueleza maada ni kiasi gani na imejikusanya vipi. Mwaka 2000 timu nne, kila moja kivyake, ziliiona ishara hii kwa mara ya kwanza. Kuiona si kazi tena. Kazi ni kuhakikisha kwamba si darubini iliyoitengeneza.

Nyota kwetu ni nukta, lakini kwenye picha hutoka doa, kwa sababu ya hewa, vioo na mtikisiko wa darubini. Doa hilo laweza kuwa na uduaradufu wa asilimia kadhaa, kuizidi ishara yenyewe, na kila galaksi kwenye picha imepakwa nalo. Dawa ni nyota zilizo katika picha ileile: unapima madoa yake, unachora jinsi yanavyobadilika kutoka kona hadi kona, kisha unakadiria doa palipo na galaksi. Nyota nyingine ziwekwe kando, zisitumike kuchora, ili zije kuusahihisha mchoro.

Hapa wengi huteleza kwa kuzipenda nyota angavu mno. Pikseli iliyojaa chaji husukuma elektroni zinazofuata ziingie kwa jirani, na doa linanenepa. Ukilitumia doa nene kusafishia galaksi hafifu, utasahihisha kupita kiasi na mnyumbuko utatoka mkubwa kuliko ulivyo. Ama uziache nyota hizo, ama urekebishe chaji pikseli kwa pikseli kabla ya yote.

Halafu programu ya kupima maumbo nayo ina kasoro yake, na njia ninayoiona nzuri kupita zote ni kuihoji kwa data yenyewe. Chukua picha halisi ya galaksi, iondolee doa, ivute wewe mwenyewe kwa 0.01, irudishie doa lililonenepeshwa kidogo, kisha pima tena. Kipimo kikisogea kwa 0.007 badala ya 0.01, umejua cha kugawanyia, yaani 0.7. Njia hii haitoshi pale galaksi mbili zinapoangukiana kwenye picha. Hapo huna budi kuigiza anga zima kwenye kompyuta. Satelaiti ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, inadai kosa la kizidishi (lile la kuukuza au kuupunguza mnyumbuko kwa uwiano) lisizidi kama 0.002.

Umbali wa kila galaksi nao unatakiwa, na spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake zote) za mamilioni ya galaksi hatuzipati. Badala yake tunautumia mwangaza kupitia filta chache za rangi. Galaksi ya karibu yenye rangi fulani huweza kujifanya ya mbali sana, na wastani wa umbali wa kundi zima ukahama. Tena galaksi zilizokaribiana kikwelikweli zimeelekezwa upande mmoja na mvutano wa mahali pake, bila mwanga wake kupindishwa njiani. Nayo mashimo meusi husukuma gesi nje ya galaksi na kuisambaza maada, na hayo huvuruga zaidi pembe ndogo. Wengi wetu, kwa hiyo, huzitupa pembe ndogo kuliko kuziamini.

Kuna jaribio moja rahisi ambalo hakuna sababu ya kuliruka: zungusha kila umbo kwa nyuzi 45 na urudie hesabu. Ishara ya mvutano inapaswa karibu kutoweka. Ikibaki, rudi kwenye madoa.

Mwisho wa yote hutoka namba iitwayo S8, inayounganisha wingi wa maada na kujikusanya kwake. Satelaiti ya Planck, kwa kutumia mwanga wa kale wa ulimwengu, inatabiri takriban 0.83. Mradi wa KiDS wa kupima mnyumbuko huu, kwa darubini ya mita 2.6 huko Paranal, Chile, ulipata 0.759, na watu wakaanza kuunda nadharia mpya za fizikia. Mwaka 2025 mradi uleule ulitoa 0.815, inayokubaliana na Planck. Kati ya namba hizo mbili palipita eneo jipya la anga, picha zilizochakatwa upya, na umbali wa galaksi uliopimwa vizuri zaidi. Euclid inalenga galaksi 30 hivi kwa kila dakika ya pembe ya mraba, pale KiDS ilipokuwa na chini ya 10. Kelele ya maumbo itashuka sana, na kosa kubwa litakalobaki litakuwa la madoa, rangi na gesi.