Tumtazame Mnana Akijenga

Karibuni. Hapa ni uani kwetu, Kisauni, Mombasa, na ule mnazi nyuma yangu umejaa viota vya mnana. Leo tutamtazama ndege mmoja tu, asubuhi nzima.

Toka mapema, saa kumi na mbili na nusu, jua halijawa kali. Msimu wenyewe ni masika, mvua ikishanyesha. Keti kivulini, hatua kama ishirini kutoka mnazini, jua likiwa mgongoni. Chini ya mnazi usiende: utawatisha, tena nazi huanguka. Tulia kama dakika ishirini, watakuzoea.

Sasa chagua dume. Ni yule wa manjano, kichwa cheusi, jicho jekundu. Jike rangi yake imefifia. Mfuate kwa macho hadi kwenye kuti. Narudisha video polepole, tazameni: anauma ukingo wa ukuti, kisha anaruka, na uzi unachanika kwa ule mruko wake. Ndiyo maana makuti ya hapa yamebaki chelewa tupu. Akirudi, anafuma kwanza pete, halafu anasimama ndani ya pete hiyo na kuendelea kufuma mbele yake.

Subiri jike aje, maana hapa ndipo penye utamu. Mwoneni dume! Yuwaning'inia chini ya kiota, kichwa chini miguu juu, anapigapiga mabawa. Jike anaingia, anavutavuta nyuzi, anatoka. Akikubali, yeye ndiye ataleta majani laini ya kutandika ndani. Kiota kikikosa jike mpaka kikawa kahawia, dume hukibomoa na kujenga kingine palepale. Mara ya kwanza kukuta kiota kimefumuliwa, nilidhani ni kazi ya kunguru. Nilikaa siku tatu ndipo nikamwona mwenyewe akikifumua, uzi mmoja mmoja.

Kwa hivyo uwe na daftari. Andika saa, ndege gani, kafanya nini. "Jike ameingia mara mbili" andika. "Jike amekasirika" usiandike, hilo hukuliona.

Kunguru nao watazame. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi, na Mombasa wapo tangu 1947. Hula mayai na makinda, kwa hivyo wakipita sikiliza minana wanavyobadilisha sauti. Taka za jikoni zifunike, na makombo usiwarushie, maana chakula chetu ndicho kinachowaweka hapa.

Ukipenda, weka karai la maji, kina cha vidole viwili, shore na tetere waje kunywa. Yabadilishe kila siku, mbu wasizaliane.

Kamera naiacha papa hapa. Kile kiota cha tatu kutoka kulia bado ni kibichi na hakijapata jike. Kesho alfajiri nitakuja kukitazama tena.