Tunatafuta wenza wa kwenda Kigoma, na kirikuu (ile pikapu ndogo) imekula kipindi

SALHA: Asalaam aleikum wapenzi wetu. Mnakumbuka tulitangaza tunatafuta wenza wa kwenda nasi Kigoma kwa gari, kuchangisha pesa za viti mwendo vya watoto. Leo Khamis kaja na mkasa wake, bora autoe kabla hajapasuka.

KHAMIS: Waaleikum salaam. Si yule kijana aliejibu tangazo letu! Nkamwambia hebu twende Nungwi turudi, maana mtu humjui mpaka ukae nae ndani ya gari. Basi toka Darajani mpaka Mahonda yuko kwenye simu, Kinyasini kalala, tumefika Nungwi ananambia nimnunulie maji.

SALHA: Na huyo ndo umpeleke Kigoma?

KHAMIS: Ngoja. Kurudi, tupo Kivunge, gari inachemka. Yule kaamka, kafungua boneti, kasubiri ipoe, hakukimbilia kifuniko cha radieta kama wengine wanavoungua nyuso. Kaukuta mpira wa maji umepasuka pale kwenye klempu, kakata ile ncha mbovu, kaurudishia, kakaza, tukaondoka. Hata neno hakusema. Nkasema nshapata mtu.

SALHA: Fundi, sawa. Mchango wake uko wapi? Tulikubaliana kila mmoja anatoa sawa, mafuta, meli ya kuvushia gari, pa kulala. Pesa za viti mwendo vya watoto haziguswi hata senti.

KHAMIS: Haziguswi, hilo halina mjadala. Hata wale wa Mongol Rally, safari ya magari ilioanza 2004, watu walikuwa wanatoka Ulaya mpaka Mongolia, kama kilomita 16,000, timu ilikuwa inachangisha si chini ya pauni 1,000 za hisani na gharama za njiani wanajibebea. Hakukuwa na gari la msaada nyuma yao, wala njia walopangiwa. Na injini isizidi lita moja. Lita moja Salha! Nlipofika hapo nkasema sie tunayo tayari, kirikuu injini yake ni cc 660, hata lita moja haifiki.

SALHA: Usianze na kirikuu.

KHAMIS: Kwani uongo? Spea zake zipo kila mji, ikizama kwenye mchanga watu wanne wanaitoa, mafuta inanusa tu.

SALHA: Na injini iko chini ya kiti! Weye ushakaa kirikuu mchana wa Dodoma? Joto linapanda mapajani, masaa mawili tu hutaki kuzungumza na mtu. Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Tabora, ndo Kigoma. Unguja nzima kwa urefu wake haifiki hata 100, sie hatujui kukaa ndani ya gari kutwa.

KHAMIS: Ndo maana natafuta watu wanaojua.

SALHA: Viti vingapi kirikuu?

KHAMIS: ...Viwili.

SALHA: Na sie watatu. Huyo fundi wako unamtia kwenye bodi na mitungi ya maji? Trafiki wa bara watakusimamisha hata Chalinze hujafika, na namba zenyewe za Z, za Zanzibar, washakuona tu.

KHAMIS: Tunachukua ile ya boksi, ina kiti cha nyuma. Injini ile ile, ukitaka kuangalia oili unanyanyua kiti cha mbele basi. Mjomba anayo Chake Chake, anabebea karafuu, haijawahi kum...

SALHA: Khamis. Tunatafuta watu, si gari.

KHAMIS: Ni kitu kimoja! Ukishachagua gari ushachagua watu. Gari kubwa utataka matajiri wa kulijaza mafuta. Gari dogo mnahitaji watatu tu, mmoja awe na mikono.

SALHA: Haya, turudi kwenye mikono. Akienda bure huyo si mwenzetu tena, ni mfanyakazi. Siku tairi imepasuka usiku Itigi nyote mtamtazama yeye, na yeye atajua anatazamwa. Atoe japo kidogo, awe na sauti ya kusema leo hatuendi, nimechoka.

KHAMIS: Sauti anayo kwa kazi yake. Ukiweka pesa mbele utapata wenye pesa tu, watoto wa mjini wanaotaka kupiga picha Ujiji. Kijana anaamka alfajiri anakwenda gereji, unamdai laki ngapi weye?

SALHA: Sikusema laki. Nimesema kitu. Elfu ishirini, akitaka kwa awamu.

KHAMIS: Hata hiyo elfu ishirini ni chakula cha kwao.

SALHA: Basi tumsaidie kwa njia nyengine, lakini ndani ya gari tuwe sawa. Nimeona safari za watu zinavunjika kwa hilo, ndugu hawasalimiani mpaka leo.

KHAMIS: Na mimi nimeona watu wamelala porini wana pesa mfukoni, hakuna anaejua hata kubadilisha feni belti.

SALHA: Sikubali.

KHAMIS: Na mimi sikubali.

SALHA: Na nlikuwa nimeandaa maswali ya kumuuliza mtu kabla hujamchukua, anakoroma au la, akiumwa anasema au ananyamaza, nani kwao ataulizwa akichelewa kurudi...

KHAMIS: Hilo la kuumwa zuri.

SALHA: Muda umekwisha, magharibi inaingia. Anaetaka kuja nasi atume sauti kwenye grupu, aseme anajua kufanya nini.

KHAMIS: Na kama mna kirikuu ya boksi inauzwa...

SALHA: Zima.