Nanga Zilizopita Jaribio na Ukuta Ulioanguka Nazo

Mabibi na mabwana, mliowahi kunisikia mtanivumilia, kwa kuwa leo nalirudia jambo lilelile: jaribio la kuvuta nanga za ardhini, yaani nyaya za chuma zinazopitishwa ukutani na kushikizwa ndani ya udongo kwa uji wa saruji, hata likifanywa kwa uangalifu wote, halithibitishi kwamba ukuta unaozuia udongo wa shimo refu hautaanguka.

Tazameni jinsi jaribio hilo linavyofanywa. Jeki ya haidroliki huegemezwa kwenye ukuta, ikazivuta nyaya za chuma kupita mzigo utakaobebwa, kisha tunapima zimerefuka kiasi gani na kama zinaendelea kuteleza. Lakini jeki inapoivuta nanga, inausukuma ukuta kwa nguvu ileile kuelekea kwenye udongo. Nguvu hizo mbili zinamalizana ndani ya bonge moja la ardhi, lililo baina ya ukuta na ile sehemu ya nanga iliyoshikwa na uji wa saruji, na bonge lenyewe halijajaribiwa na kitu chochote. Ni kama mtu aliyeketi ndani ya mashua akivuta kamba iliyofungwa kwenye mashua hiyohiyo: kamba ni imara na fundo ni imara, naye anaisifu kamba huku mkondo unamchukua.

Ndiyo maana ukuta huweza kuanguka bila nanga hata moja kukatika wala kuchomoka. Udongo huteleza juu ya uso unaopita chini ya kitako cha ukuta na kutokea nyuma ya nanga, na vyote tulivyovipima vikaondoka pamoja nao. Mhandisi Kranz alieleza njia ya kulikagua bonge hilo mwaka 1953, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba hii ni elimu mpya.

Nitajibiwa kwamba nanga zimefungwa nyuma ya kabari ya udongo unaosukuma, ile ambayo kwa pembe ya msuguano (kipimo cha jinsi udongo unavyokinza kuteleza) ya nyuzi 30 hupanda kutoka chini kwa nyuzi 60. Vyema, na ni lazima iwe hivyo. Lakini uso wa mtelezo ninaousema umelala zaidi ya ule wa kabari, nao huweza kuizunguka nanga iliyotimiza sharti hilo. Basi tuongeze nanga? Ukiongeza zenye urefu uleule, umeziongeza ndani ya bonge lilelile linaloondoka. Kinachosaidia ni kuzirefusha, au kuuzamisha ukuta zaidi, na hapo ndipo mazungumzo hupoa, kwa sababu nanga ndefu huvuka mpaka wa kiwanja na kuingia chini ya jengo la jirani, ambaye hajaombwa ruhusa.

Wengine husema programu ya kompyuta imeshakagua. Iulizeni imeiwekaje nanga. Ikiwa imeichukua kuwa ni nguvu tu iliyobandikwa usoni mwa ukuta, urefu wa nanga haukuingia kabisa katika hesabu, na ingekupa jibu lilelile kwa nanga ya mita 5 na ya mita 25.

Muda unaniishia na maji sijayagusa. Ukuta wenye kimo cha mita 10, udongo mkavu wa kilonewtoni 18 kwa mita ya ujazo na pembe ileile ya nyuzi 30, husukumwa kwa kilonewtoni 300 kwa kila mita ya urefu wake. Maji yakijaa hadi juu, msukumo wa udongo, uliopungua uzito kwa kuzama majini, hushuka hadi 167 hivi, kisha maji peke yake huongeza 500. Mzigo umezidi maradufu, na mfereji wa kuyatoa maji ndio wa kwanza kufutwa bajeti inapobana.

Kutu, na ule mvuto wa mshazari wa nanga unaoukandamiza ukuta chini, naviacha kwa maswali. Ila mchimbaji asishuke chini ya safu ya nanga ambayo haijakazwa, na hilo liandikwe kwenye michoro yenyewe, si kwenye barua itakayowasili mtambo umeshachimba.